Chembe za Chiriku

Jumatatu, 4 Machi

Orodha ya wiki imebandikwa mlangoni. Vichupa kumi na viwili vya chembe za damu za watoto, vya kuyeyusha. Niliishukia kwa kidole kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Cha saba: 41.

Kwa wenzangu ni nambari tu. Ndivyo inavyotakiwa — humu maabara mtoto hana jina. Lakini lebo ile niliibandika kwa mkono wangu. Arobaini na moja ni Chiriku, binti wa kaka yangu. Miaka minne, mdomo haupumziki, ndiyo maana tukamwita hivyo. Alifariki mwaka jana mwezi wa saba. Homa ya uti wa mgongo. Siku mbili tu!

Nilienda kunawa mikono. Nikanawa tena.

Jumanne, 5 Machi

Mzee wa Mitungi, yule anayejaza naitrojeni kwenye tangi la kugandishia vichupa, alikuja na utani wake uleule: humu ndani ndiko peponi, dada, watu hawazeeki. Akafunua mfuniko, moshi mweupe ukamwagika hadi sakafuni. Nilicheka.

Nyuzi mia moja na tisini chini ya sifuri. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele akiogeshwa maji yasiyopashwa moto.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemyeyusha. — Nimekiyeyusha! Kichupa. Kalamu imeteleza, acha ibaki.

Dakika mbili kwenye maji yenye joto la mwili. Unakitikisa polepole mpaka barafu ibaki kama punje ya mchele. Halafu unaongeza maji ya lishe tone kwa tone. Ukifanya pupa, chembe zinapasuka. Halafu rangi ya bluu. Chembe iliyokufa huinywa bluu yote. Iliyo hai huikataa, hubaki nyeupe, inang'aa.

Nikahesabu kwenye hadubini. Katika kila mia, tisini na moja zimeikataa.

Tisini na moja! Mtoto tumemzika, udongo umeshajishusha, na chembe zake ziko hapa zinang'aa kana kwamba hakuna aliyeziambia.

Nilizigawa kwenye sahani ya visima vidogo, nikaziweka kwenye kabati la joto pamoja na za wale wengine. Siku sita zitakuwa zikitoa kingamwili, zile silaha za damu dhidi ya malaria. Jumatano tunakusanya maji yake, kisha zenyewe zinamwagiwa dawa ya kuua. Ndiyo kazi. Nimeifanya mara mia.

Mchana nikasikia "Shangazi!" Waziwazi kabisa, nyuma yangu. Niligeuka. Kabati lilikuwa linavuma tu.

Ijumaa, 8 Machi

Mkuu wa maabara aliingia mbio, karatasi mkononi. Si mtu wa mbio yule. Amepima maji ya damu ya watoto wote kwa vimelea vya malaria vya aina tisa. Kingamwili za watoto wengi hushika aina mbili, tatu. Za 41 zimeshika zote tisa.

"Huyu mtoto ni hazina!" alisema. "Mafaili ya majina yako jengo la pili, nenda kamtafute mzazi. Tumchukue damu tena."

"Hayupo."

"Wamehama?"

"Amekufa, daktari. Na mimi ni shangazi yake."

Alikaa. Akavua miwani, akaifuta, wala haikuwa na vumbi. Alisema nilipaswa kusema mapema, ndugu hashiki damu ya ndugu. Ni kweli. Halafu sauti ikashuka: pole sana. Halafu: mzazi lazima ajue. Ana haki ya kuamua utafiti uendelee au kila kitu kiharibiwe. Akauliza aende yeye? Nikasema nitakwenda mimi. Sijui mdomo huo niliutoa wapi.

Alikuwa na ngao ya mikuki tisa, akaja kuuawa na mshale!

Lipo jambo sikumwambia Mkuu. Damu ile ya mwisho, ndiyo ya kichupa hiki, wifi hakuitaka itolewe. Alisema basi, mtoto ameshachomwa mara tatu, imetosha. Fomu ya ridhaa inamruhusu kabisa kukataa. Mimi ndiye niliyembembeleza: mara hii tu, wifi yangu, usiniaibishe mbele ya wakubwa. Na mimi ndiye niliyemshika Chiriku mkono. Alilia. Nikamwambia ni mbu tu huyo, anauma kidogo. Akanitazama na machozi yake: "Shangazi, mbu havai glovu."

Wiki tatu baadaye, kaburi. Damu haikumuua. Kijiko kimoja kisichojaa! Najua. Ningeweza kusimama darasani nikaeleza. Lakini kujua hakunipi usingizi.

Jumapili, 10 Machi

Nimetoka kwa kaka.

Wifi hajasema nami tangu mazishi. Miezi minane. Kaka alifungua mlango, akasimama palepale. "Leo?" — "Leo, kaka." Akanipisha.

Viatu vidogo bado viko nyuma ya mlango. Kimoja kimelala ubavu. Hakuna aliyethubutu kukisimamisha.

Wifi alikuwa anakunja nguo. Nilieleza yote: kichupa, zile tisini na moja, zile aina tisa. Hakuacha kukunja. Nilipomaliza, shati moja alikuwa amelikunja na kulikunja mpaka limekuwa dogo kama bahasha.

"Nilikuambia basi," alisema.

"Uliniambia."

"Ukasema mara hii tu."

"Nilisema."

"Na tangu siku ile hujaja kuniomba radhi. Umekuja leo kwa sababu kazini wamekutuma."

Ukweli mtupu. Nikaomba radhi. Vibaya, kwa kigugumizi, maneno yanakanyagana. Nilisema nilitaka sifa kwa mkono wa mtoto wake. Kaka alitoka nje. Wifi hakusema amenisamehe, wala hakunifukuza. Alilikunjua lile shati, akaanza upya.

Kisha, bila kuinua macho: "Ziko hai kweli, au hai ya vitabuni?"

"Hai kweli, wifi."

"Nataka kuziona."

Jumatatu, 11 Machi

Mkuu amekubali. Aliuliza tu kama mama ataweza. Nikasema labda aniulize mimi kama nitaweza.

Nimefungua kabati mara tano leo bila sababu. Mara ya tano nilisema "hamjambo". Kwa sauti!

Jumatano, 13 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika kwenye korido, daftari magotini.

Wifi alikuja saa tatu kamili, nywele kazichana, kavaa kama anayekwenda kumwona mwalimu wa mtoto. Nilimpa koti jeupe, likamzidi mikono. Nikampa glovu. Nikaweka sahani chini ya hadubini. Mwanzo aliona kope zake tu. Nikamrekebishia. Kisha akauliza:

"Zote hizi zake?"

"Zake."

"Mbona zimekumbatiana?"

Mkuu alimweleza kwamba chembe zikiamshwa hujikusanya makundi. Wifi akasema, hakupenda kulala peke yake.

Mkuu aliweka fomu mezani. Alisema kweli tupu, namheshimu kwa hilo: pengine itapatikana dawa ya watoto wengine, pengine isipatikane, hawezi kuahidi. Kuna kichupa kingine kimoja kwenye tangi. Akikubali, kitatunzwa. Akikataa, kitaharibiwa leo hii na hii sahani, na hakuna atakayemlaumu.

"Nikikataa, nani atazimwagia dawa?"

Mkuu alinitazama mimi.

"Na nikikubali?"

"Hizi za kwenye sahani kazi yake imekwisha, mama. Nazo zitamwagiwa. Kitakachobaki ni kile kichupa."

"Nani atamwaga?"

Mkuu alinitazama tena.

Wifi alivuta glovu zikakaza vidoleni. "Basi nifundisheni. Nitamwaga mwenyewe. Mlipomzika mlinikalisha pembeni na wanawake, nikaletewa maji ya kunywa. Sikai tena pembeni."

Mkuu akasema utaratibu hauruhusu mtu wa nje.

"Mimi ni mtu wa nje?"

Mkuu ametoka kupigia simu kamati ya maadili ya utafiti. Yuko mwisho wa korido, kaupa ukuta uso. Namsikia: ndiyo... mama mzazi... hapana, ametulia... ametulia kuliko sisi.

Nami nimetoka, nimemwachia chumba. Chupa ya dawa nimeiacha mezani. Sijui kama nimefanya vizuri.

Kupitia kioo namwona. Amerudisha jicho kwenye hadubini. Midomo yake inacheza — anahesabu, au anaongea nazo. Fomu haijaguswa, kalamu iko juu yake. Sasa amevuta kile kiti cha pili, amekiweka karibu yake kabisa. Ameweka mkono juu ya kiti hicho, kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi. Hajatazama mlangoni. Sijui nafasi hiyo ni yangu au ni ya Chiriku.

Mkuu amekata simu. Anakuja —