Unga wa Shamba la Baba

Rohtak, 11 Machi 1997

Mdogo wangu Jaibir,

Salamu kwako, kwa wifi na watoto. Huku sisi wazima, isipokuwa huyo uliyetuletea.

Baba amemaliza wiki mbili za mionzi ya koo, zimebaki nne na nusu. Alikuja na kilo hamsini na nane. Leo ana hamsini na mbili. Daktari anasema mzee wa miaka sabini na moja asipokula, mwili haustahimili mionzi. Akishuka chini ya arobaini na nane, tiba inasimama.

Analala kwangu, lakini jikoni kwangu hagusi hata maji. Anashikilia desturi ya kwetu kwamba baba hali kwa binti aliyeolewa: "Binti nilishamwoza. Nile kwake?" Anajikokota hadi kibanda cha chai langoni mwa hospitali, anachovya biskuti. Juzi nilimpelekea uji wa maziwa na samli, akageukia ukutani. "Omvati, usinitie aibu uzeeni." Mimi, mwalimu mzima, nimelia juu ya bakuli.

Cha mwanawe wa kiume anakula. Basi lete gunia la unga wa shamba letu na kopo la samli ya nyati wetu wa kufuga. Nikipika unga wake mwenyewe, hatakuwa amekula changu. Nilimwuliza. Akasema, "Jaibir akiuleta kwa mkono wake, nitakula."

Njoo wiki hii.

Dada yako,
Omvati

Dhanikheri, 24 Machi

Dada yangu mpendwa,

Nashika miguu yako. Sote hatujambo, ngano imeiva.

Kuhusu unga, nifikirie na mimi. Watu wataniuliza gunia linakwenda wapi, niwaambie baba anapikiwa kwa mkwewe? Ami Surat Singh alishanichokoza mbele ya wavuta hoka wote, pale kwenye kiko cha maji cha kijiji: "Siku hizi mnalishwa na mashemeji?" Walicheka mpaka wakakohoa. Tena wavunaji wanakuja wiki ijayo. Baba unamjua kwa ukaidi, njaa ikimbana atakula. Mbembeleze, au mkaripie kwa ule ulimi wako mkali. Nikishavuna nitakuja.

Mdogo wako,
Jaibir

Rohtak, 29 Machi

Jaibir,

Salamu. Umeniandikia habari za ngano kabla ya kuuliza za baba, nami nakujibu za baba: kilo arobaini na tisa. Kile kinyago cha plastiki kinachoshika kichwa chake chini ya mashine kimelegea, uso unacheza ndani. Daktari akanigeukia: "Mama, huyu mnamtibu au mmemfungisha saumu?"

Hao wanaocheka wakivuta hoka, nani kati yao atameza kwa niaba yake? Ukoo mzima unalinda heshima ya mdomo wa baba, na hakuna anayeutia kitu. Zimebaki siku kumi za mionzi. Kumi! Iache ngano isimame shambani. Panda basi la asubuhi.

Omvati

Dhanikheri, 19 Aprili

Dada yangu,

Nashika miguu yako. Kadi yako ya tarehe tano ilifika, kwamba mionzi imesimamishwa. Nimesikitika. Lakini ngano imeingia ghalani, na gunia nimelishona kwa mkono wangu. Jumatatu nakuja nalo. Mwambie baba ni unga wa ngano mpya.

Mdogo wako,
Jaibir

Dhanikheri, 24 Aprili

Dada,

Nashika miguu yako. Tangu nilipofika Jumatatu nikamkuta baba amefunikwa shuka, sina usingizi. Najua una hasira, ndiyo maana hukupanda gari pamoja na maiti. Watu wameuliza.

Karamu ya siku ya kumi na tatu ya msiba ni Mei 2. Nimealika vijiji vitano, wapishi wanne, halua ya samli tupu. Ami Surat Singh anasema karamu kama hii haijawahi kuonekana hapa. Njoo. Na lile gunia nililoliacha mlangoni pako litumieni, ni unga mzuri.

Mdogo wako,
Jaibir

Rohtak, 28 Aprili

Jaibir,

Salamu kwako na kwa watoto.

Nimechukua karatasi za baba hospitalini. Uvimbe wa koo ulikuwa umepungua kwa nusu. Mionzi ilikuwa inafanya kazi yake. Mara ya mwisho alipopimwa alikuwa na kilo arobaini na tatu.

Nitakuja. Nitaketi na wanawake, nitamlilia baba yangu. Gunia ninalirudisha, uzi wako haujakatwa. Lipe wapishi, wageni ni wengi. Surat Singh mpakulie sahani iliyojaa.

Mimi usinipakulie. Katika nyumba iliyomchelewesha baba unga wake mwenyewe, sitakula, wala maji sitakunywa. Watu wakiuliza, waambie hii nayo ni desturi.

Dada yako,
Omvati