Safina Isiguswe

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Safina iliyo mezani isiguswe, gundi bado mbichi. Ndiyo, ni lile boksi la viatu ulilolitupa asubuhi ukisema, “Mama, uchafu huu mpaka lini?” Nimeliokota. Mwanao aligoma kunywa uji, akilia kwamba twiga wake amezama kwenye pipa la taka.

~~Samahani kwa kuchafua meza.~~ Sisemi samahani. Meza inafutika.

Kitendawili: nyumba yangu haina msingi, mafuriko yakija inainuka. Mtoto wa miaka minne alikitegua, hata mji sikupewa! Wewe nilikufundisha kwa fimbo, na mpaka leo hujui Nuhu alikuwa na wana wangapi.

Tumekwenda kwa jirani kuomba manyoya ya kuku, tumtengeneze njiwa. Kwa mjukuu huyu sirudii kosa la fimbo, hata ukinuna.

Mama yako, bibi yake