Mpasuko Upande wa Moyo

Antwerp, 9 Februari 1958

Kaka Anshel mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila vidole vimechoka kwa kushona. Gitl wangu anaolewa tarehe nne Machi, Mungu akipenda, nami nimejishonea gauni jipya la hariri. Mwambie mama. Najua atasema, "Bibi harusi ni nani hapo, wewe au mtoto?" Hali yake vipi? Niandikie maneno ya kinywa chake mwenyewe.

Mdogo wako,
Frumet

Yerusalemu, 17 Februari 1958

Mdogo wangu Frumet,

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa na afya. Mimi ni mzima. Kuhusu mama, miguu haimsumbui tena. Muoze binti yako kwa furaha, wala usiahirishe kwa sababu yoyote.

Kaka yako,
Anshel

Antwerp, 9 Machi 1958

Kaka Anshel,

U hali gani? Harusi ilifana. Nilicheza mpaka jirani yangu Perl akanitania, "Frumet, ukianguka hatukuokoti!" Lakini tangu juzi usingizi sipati. Nilikuomba maneno ya mama, ukanipa habari za miguu. Mpe kalamu, aandike hata jina lake.

Mdogo wako,
Frumet

Yerusalemu, 24 Machi 1958

Mdogo wangu,

Amani iwe nyumbani mwako. Mama alifariki tarehe kumi na mbili Februari, asubuhi. Barua yako ya gauni ilinikuta nimekaa matanga, na humo humo nikakujibu. Sheria yetu Wayahudi hainilazimishi kupeleka habari za msiba. Nilinyamaza kwa ajili ya Gitl, kisha nikangoja makusudi siku thelathini zipite, ili matanga yako yawe ya saa moja tu badala ya siku saba, ukiketi chini bila viatu. Lakini kwa mzazi, hata habari ikichelewa miaka, nguo lazima iraruliwe: upande wa kushoto, mpaka kwenye moyo. Usiishone tena. Na mpaka mwaka wa mama uishe, usivae nguo mpya.

Kaka yako,
Anshel

Antwerp, 31 Machi 1958

Anshel,

Leo sikuulizi hali. Barua yako ilinikuta jikoni. Perl alitangulia kuipasua nguo yangu kwa kisu, nikamalizia kwa mikono. Akasema, "Polepole, mwenzangu, si gunia hilo!" Nikasema, "Abarikiwe Mwamuzi wa kweli," nikaketi saa yangu moja. Wewe ulikaa siku saba, watu wakakuletea mayai na kumtaja mama. Mimi, mama akiwa kaburini, nilikuwa nacheza ndani ya hariri mpya. Nani alikuambia nilitaka kuhurumiwa hivyo?

Nilipoinuka nikararua tena, upande wa kulia. Perl akapiga kelele, "Huko huraruliwa kwa ndugu! Nani mwingine amekufa?" Nikachukua kalamu nikuandikie wewe.

Mpasuko wa mama utabaki wazi. Ule wa kulia, siku thelathini zikiisha, sheria inaruhusu ushonwe. Usiniandikie kabla ya hapo.

Binti wa mama,
Frumet