Kahawa ya Baba

Malangali, Sumbawanga

Kaka Ambilikile,

Shikamoo. Huku hatujambo, ni upepo tu wa Ufipa unaotukausha midomo.

Zile punje za kahawa ulizonipa kwenye msiba wa Baba nimezikaanga jana, kwa mashine ndogo ya mezani aliyoniazima Modesta, mwalimu mwenzangu. Zilianza kijani, zikawa manjano kama mahindi, kisha zikapasuka, pa, pa. Nikachomoa waya nikidhani nimeharibu mashine ya watu. Modesta akacheka. "Rudisha, ndiyo kwanza zinaiva."

Harufu iliyotoka, kaka, sijui niisemeje. Majirani walisimama mlangoni wakasahau kubisha hodi. Baba alilima kahawa miaka arobaini, akauza yote, akafa akinywa chai. Aliishika kila siku na hakuwahi kuinusa hivi.

Ule mpango wako wa kung'oa mibuni upande parachichi, nilisema sawa. Sasa sijui.

Nimekutumia kopo moja. Mpe Mama kikombe cha kwanza, usimwambie ni nini. Akiuliza imetoka wapi, mfungulie dirisha aone mwenyewe, kama mibuni bado imesimama.

Mdogo wako,
Janeth