Upupu wa Amani

Dada Mwanaidi, shikamoo. Huku Amani ni ukungu na baridi tupu.

Leo mwalimu wetu wa chuo alitutembeza msituni. Kwa uziwi wangu, nilimfuata kwa ile programu ya akili mnemba inayoniandikia maneno ya watu kwenye simu. Ikaandika, "Mguse mmea huu." Nikaushika kwa mikono miwili. Kumbe alisema, "Msiguse," na mmea wenyewe ni upupu. Nilijikuna mpaka machozi yakanitoka. Kambini wenzangu walinipaka majivu huku wanacheka, na mwalimu akaomba nimfundishe ishara ya "usiguse". Wakati wa kula, mwenzangu Juma aliponyemelea samaki wangu, mwalimu akamfanyia ishara hiyo. Juma akarudisha mkono.

Nibebee mwanao, mimi bado najikuna.

Mdogo wako, Salimu