Mkono wa Kusimamisha Kreni

4 Machi

Mjukuu wangu mtundu,

Hujambo? Huku wazima, ila goti langu linalia kama bawaba, lile lililobanwa na nguzo ya gati. Enzi zetu kofia ngumu ilikuwa kichwa chenyewe.

Mama yako anasema wewe ndiye unayemwongoza dereva wa kreni kwa ishara za mikono huko kwenye tishari, lile jahazi bapa linalobeba kreni, na kwamba nyapara ameapa: ukisimamisha kazi tena, unafukuzwa. Ni kweli? Mimi ningeshusha mkono nikala mshahara wangu kimya. Lakini mimi mwoga, na wewe umerithi kichwa cha bibi yako.

Babu yako

19 Machi

Shikamoo Babu,

Tu wazima wote, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Jana nguzo ya chuma ilikuwa inaning'inia, mchomeleaji na mwenzake wameishika kwa chini kuielekeza, mawimbi yakaanza kulinyanyua tishari. Nikainua mkono. Nyapara akafoka, "Shusha mzigo!" Dereva akakaza breki. "Bosi, huku juu siwaoni watu. Macho yangu ni huyo dada." Nikawaita wale wawili watoke. Hawajafika mbali, wimbi likapiga, nguzo ikayumba na kufyeka vyuma vya ukingoni, palepale walipokuwa wamesimama.

Jioni nikafukuzwa, eti nachelewesha kazi. Nifungashe?

Mjukuu wako

27 Machi

Bibi mkubwa,

Marahaba. Fungasha, uje! Chumba nimekifagia mwenyewe, mgongo umenitukana. Nimemsimulia kinyozi habari zako kwa mbwembwe mpaka akaninyoa unyusi mmoja. Watu wawili wamerudi kwa watoto wao na miguu yao yote, halafu wewe ndiye mkosaji? Nyapara na asimame yeye chini ya nguzo, mimi nitamshikia kofia.

Nimefanya kazi na wanaume wenye vifua kama milango. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kuinua mkono.

Ijumaa nitakusubiri kituoni.

Babu, aliyevimba kichwa

30 Machi

Shikamoo Babu, na pole ya unyusi.

Usije kituoni. Wenzangu walikataa kupanda tishari. Walikaa gatini, kofia mapajani, hadi meneja akaja mwenyewe kuniita nirudi kazini.

Leo bahari ilichafuka tena, nikainua mkono. Kreni ikasimama. Nyapara naye akarudi nyuma pamoja na wengine.

Mjukuu wako