Karatasi Mbili za Bwana Chan

Muscat,
12 Disemba 1970

Kwa dada yangu Kheiria,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta ile homa uliyoitaja katika Ramadhani imekwisha kabisa, na skuli imefungwa upate kupumua kidogo. Sisi huku alhamdulillah. Mama hajambo kwa mtu wa umri wake; magoti tu ndiyo yanayomsumbua, na asubuhi lazima nimkande kwa mafuta kabla hajasimama. Mjomba Marhoon anakusalimu sana. Kila Ijumaa hutuletea nguru kutoka Qantab, na kila Ijumaa mama humwambia kuwa nguru wa Unguja alikuwa mtamu zaidi. Mjomba huondoka akicheka, na Ijumaa ya pili huja na mwengine.

Da Kheiria, Muscat niliyokuwa nikikueleza katika barua zangu siyo hii ya sasa. Tangu Julai mambo yamefunguka. Lango la mji halitufungii tena kama zamani. Watu wetu wanarudi kutoka kila upande, na ukipita sokoni Matrah unasikia Kiswahili mpaka unageuka kutazama kama ni mtu unayemjua. Majirani waliokuwa wakikicheka Kiarabu chetu sasa wanatuamkia kwa "hujambo". Na wamefungua skuli ya wasichana, wanatafuta walimu kwa taa. Mjomba alipolisikia hilo hakurudi nyumbani kula. Alikwenda moja kwa moja kukuombea kibali cha kuja.

Kibali kimetoka. Nimempa Bwana Thani, rafiki wa mjomba anayesafiri kwenda Mombasa, akukabidhi mkononi mwako. Ningeweza kukitia humu ndani, lakini sikutaka kifike pamoja na maneno yangu. Sababu utaiona mbele. Lolote utakaloniamulia mimi, kibali ni chako.

Unamkumbuka Bwana Chan wa Malindi pale Unguja, Mchina aliyekuwa akinunua majongoo ya pwani na kuyaanika mpaka mtaa mzima ukaziba pua? Marehemu baba alimpenda. Tulipozaliwa, wewe kisha mimi, alikuja na brashi yake, akamuuliza mama mwaka, mwezi, siku na saa ya kila mmoja, akaandika herufi nane katika karatasi nyekundu. Baba alizipokea kwa heshima, akazitia kila moja katika bahasha yake, akaandika jina juu, akakataa zisomwe. Alisema ya kesho anayajua Mungu. Zikakaa ndani ya kasha la mama miaka yote.

Huku nimekuwa mtu wa hesabu za Wachina, usicheke. Nilianza kwa mzaha tu, nikiwahesabia wanawake wa mtaani wanyama kumi na wawili wa miaka yao kwa vidole. Waliozaliwa mwaka wa nguruwe nawaambia tu ni mnyama wa mwisho, mpole, mwenye riziki. Jirani yetu Bakhita alikuwa hasemezani na mkewe mwanawe, Rahila, karibu mwezi. Ugomvi wenyewe ni kwamba Rahila akiamka tu huanza kusema: kuku wamekula nini, maji yako wapi, nani kafungua mlango. Bakhita akaona anaamrishwa ndani ya nyumba yake. Nikamwambia, Bi Bakhita, huyu ni mtoto wa mwaka wa jogoo. Jogoo kuwika alfajiri ndiyo kazi yake, hamtukani mtu. Na wewe ni sungura, masikio yako marefu, kila sauti inakuingia. Bakhita mwenyewe mwaka wake haujui. Anajua tu kuwa alizaliwa mwaka ambao mafuriko ya wadi, lile bonde la mto mkavu, yalichukua mitende ya baba yake. Sungura nilimbahatishia. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso, na siku ile ile akampelekea Rahila sahani ya halwa. Tangu hapo kila mwenye mume mkali au wifi mgumu huja kwangu.

Nimeona, dada, kwamba watu wengi hawataki kujua kesho yao. Wanataka kuambiwa kwamba mwenzao hakukusudia kuwaumiza. Nimewapa hilo wengi, na kila nilipowapa nilikuwa nakufikiria wewe, kwa sababu mimi kwako nilikusudia.

Sasa nakuambia, na niache niseme mara moja bila kusita.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilizitoa zile karatasi kwa siri nikampelekea Bwana Chan anisomee. Alisema mwenye karatasi ya kwanza kazaliwa mwaka wa ng'ombe: huyu ni mkono wa mzazi wake, mbebaji wa nyumba. Wa pili, mwaka wa farasi: huyu atakwenda mbali peke yake na atajitafutia malisho. Ng'ombe ulikuwa wewe. Wala haikunishangaza, baba alipofariki si wewe uliyeingia ualimu ukatulisha? Kilichonishangaza ni huyo farasi. Mimi niliyekuwa siwezi kwenda dukani bila ya kukushika mkono.

Kisha ikaja Januari ya sitini na nne na yaliyokuja nayo. Mjomba akapata nafasi ya watu wawili katika meli, mama na binti mmoja. Unakumbuka mama alivyokaa siku tatu hali chakula. Siku ya nne akalitoa kasha, akasema atakwenda kwa rafiki wa marehemu akamsomee, naye atamchukua yule atakayeandikiwa kuwa ndiye wa kufuatana na mama yake. Alipoingia kutawadha, nilizifungua bahasha, nikabadilisha karatasi. Yako nikaitia kwenye jina langu, yangu kwenye lako.

Nilikwenda naye. Bwana Chan alikuwa mzee sana, macho yamefifia, akasoma kwa kioo. Akasema, "Huyu ng'ombe, kazaliwa alfajiri, huyu ndiye wa kwenda na mama." Jina juu ya bahasha lilikuwa Hamdiya.

Tuliporudi ukaambiwa. Ulisema, "Basi mama aende na mkono wake." Kisha ukaanza kunikunjia nguo. Uliniwekea hata ile kanzu yako ya hariri ambayo hukuwahi kuivaa. Sikukuzuia.

Yaliyokupata baadaye unayajua kuliko mimi: nyumba kuchukuliwa, mwaka mzima ukihifadhiwa kwa Bi Masouda, kuvuka kwenda Mombasa na nguo za mwilini tu. Hukuandika mstari mmoja wa lawama. Kila barua yako ilikwisha kwa "mtunze mama", nami nikamtunza. Nilijifunza kupika, kushona nguo za watu, kubishana sokoni kwa Kiarabu. Mtu akiambiwa yeye ndiye mbebaji, hubeba. Lakini nilibeba kwa jina lako.

Siku ya tatu ya Idi, mjomba alipoleta habari ya kibali, mama alipiga vigelegele mwenyewe, akiwa amekaa. Nilipokuwa namkanda magoti asubuhi ya pili yake nikaona siwezi kukupokea na uongo huo. Nikamwambia yote.

Akasema, "Nnajua."

Nilidhani hakunisikia. Akasema tena, "Nnajua tangu pale kwa Mchina. Aliposema alfajiri. Kheiria nilimzaa alfajiri, adhana inalia. Wewe nilikuzaa adhuhuri, jua la utosi. Nani aliyewazaa, mimi au karatasi?"

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alikuwa amekwisha chagua kabla ya kutoka nyumbani, na alimwendea Bwana Chan ili apate mtu wa kumtwisha uamuzi ule. Akasema, "Karatasi inasema wewe farasi. Mimi nnakujua, ulikuwa mtoto wa kulala umekumbatia mto. Ningekuacha ningekuja kuambiwa umekufa. Nikamwacha anayeweza kuachwa." Kisha akalia, Da Kheiria, kama nisivyopata kumwona akilia hata siku ya baba. Akasema, "Hodari naye huumia. Nilimuadhibu mwanangu kwa uhodari wake, na miaka sita sijapata uso wa kumwambia."

Nimemwambia haikuwa haki. Amekubali haikuwa haki.

Usione kwamba nakuandikia haya ili uniambie kosa lilikuwa la mama. Mimi sikujua kwamba anajua. Nilipozibadilisha karatasi, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kwa kufanya hivyo wewe utabaki na mimi nitaondoka, na nikafanya. Hilo ni langu, na nalileta kwako bila kisingizio. Ukija na usitake kukaa nyumba moja na mimi, mjomba ana chumba Azaiba na amekubali kunipokea. Ukija na utake, chumba chako nimekwisha kipaka chokaa, kina dirisha linaloingiza upepo.

Mjomba anasema umuandikie tarehe ya meli ili aje kukungojea bandarini. Bakhita na Rahila wanakusalimu, ingawa hawajakuona; wamekwisha nihesabisha mwaka wako. Nisalimie wanafunzi wako, na yeyote aliyekuuguza katika homa yako, Mwenyezi Mungu amlipe.

Nimemuuliza mama nikuandikie salamu gani zake, amekataa. Anasema amekutumia salamu kwa barua miaka sita na zimemchosha. Hizi atakupa mwenyewe kwa mdomo wake, nawe ukitaka kumgombeza, umgombeze hapo hapo, anakungoja.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Hamdiya binti Suud